Sura na Chombo: Uhakiki wa Ufinyanzi wa Wamoche

Taifa lisiloacha maandishi huwaachia wanaolifuata shida ya namna yake. Majengo yake huonekana, mifupa ya watu wake huchimbuliwa, vyombo vyake hupangwa katika makabati ya makumbusho. Lakini hapana hata sentensi moja ya kutuambia wenyewe walikusudia nini. Shida hiyo huzidi pale ambapo taifa lenyewe lilikuwa na kipawa cha kuumba mifano ya vitu kwa udongo, hata mtazamaji akadhani kwamba haja ya maandishi haipo tena. Ndiyo hali ya Wamoche, watu waliokaa katika pwani ya kaskazini ya Peru tangu karibu mwaka 100 hata karibu mwaka 800 baada ya Kristo. Vyombo vyao vinatutazama kwa macho ya watu. Kimoja kinatabasamu, cha pili kina uso ulioliwa na ugonjwa, cha tatu kimefungwa kamba shingoni. Mtazamaji huona mara moja, na kwa kuwa ameona, hudhani kwamba amefahamu.

Makala haya yana neno moja la kusema juu ya dhana hiyo. Kufanana kwa vyombo hivi na uhai, kunakosifiwa sana, ndiko aghalabu kunakotufanya tuvisome vibaya. Mfinyanzi wa Kimoche hakuketi kazini ili awaonyeshe wageni wa karne nyingine jinsi watu wake walivyoishi. Alifinyanga chombo chenye kazi yake, na sura aliyokitia ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mhakiki anayeitenga sura na chombo amesoma nusu ya utungo akaufunga.

Kwanza yafaa tuitazame nchi. Pwani hiyo ni jangwa lililobanwa baina ya milima ya Andes na bahari ya Pasifiki. Mvua ni haba mno, na maisha hutegemea mito inayoshuka kutoka milimani, kila mto na bonde lake la kijani: Lambayeque, Jequetepeque, Chicama, Moche, Virú, Santa. Wamoche walichimba mifereji ya kupeleka maji mashambani. Wakapanda mahindi, fiwi, maboga na pamba. Wakavua samaki kwa vyombo vya matete. Wakafua dhahabu na shaba kwa ustadi mkubwa. Waliinua pia majengo mfano wa vilima kwa matofali mabichi. Kubwa lao, Huaca del Sol, lililo karibu na mji wa Trujillo, hukadiriwa kuwa lilitumia zaidi ya matofali milioni 100. Mkabala wake, chini ya mlima wa Cerro Blanco, ipo Huaca de la Luna, ambayo kuta zake zilipambwa kwa michoro ya rangi. Lakini nchi hiyo ina adui azukaye kila baada ya miaka kadhaa. Maji ya bahari hupata joto, samaki hukimbia, na mvua kubwa hushuka juu ya jangwa lisiloijua mvua. Mifereji huvunjika na majengo ya udongo huyeyuka. Hali hiyo huitwa El Niño. Msomaji aiweke akilini, maana tutaihitaji.

Sasa chombo chenyewe. Umbo lililo mashuhuri kupita yote ni chupa yenye mdomo wa kikuku. Katika sehemu ya juu ya tumbo la chupa hutoka mirija miwili. Hupinda, hukutana kama upinde, na mahali inapokutana huinuka mrija mmoja ulio mdomo wa kumiminia. Wageni waliliita umbo hilo kwa jina la kikuku cha tandiko la farasi, ingawa Wamoche hawakupata kumwona farasi hata mmoja. Jina hilo latuonya tangu mwanzo: tunazungumza juu ya watu hawa kwa maneno ambayo si yao.

Gurudumu la kufinyangia halikujulikana kwao. Kwa vyombo vingi mfinyanzi alitengeneza mfano, akaufunika kwa udongo, akautoa udongo ule katika vipande viwili, akavichoma vikawa kalibu. Udongo mbichi ulikandamizwa ndani ya kila nusu, nusu zikaunganishwa, mshono ukafutwa kwa mkono, kisha mdomo wa kikuku ukatiwa juu. Rangi zilikuwa chache mno: nyeupe ya maziwa na nyekundu ya kahawia, zote za udongo. Katika bonde la Chicama, mahali paitwapo Cerro Mayal, wachimbuzi walikuta mabaki ya karakana nzima, pamoja na kalibu na vigae vingi mno. Hii haikuwa kazi ya mtu mmoja mpweke aliyejiwa na wazo usiku. Ilikuwa kazi ya mafundi wengi waliopokea sheria za sanaa yao kutoka kwa waliowatangulia.

Na sheria zenyewe zilikuwa ngumu. Mdomo wa kikuku ni taabu kuufanya na ni rahisi kuvunjika. Kwa kumiminia tu, mdomo wa kawaida ungalitosha. Hata hivyo umbo hilo lilikuwako katika pwani ile zaidi ya miaka elfu kabla ya Wamoche, nalo likaendelea kufanywa baada yao. Mwanafunzi wa mashairi hatastaajabu. Anajua kwamba mtunzi wa kimapokeo haulizi kama vina na mizani vina faida ya kupeleka habari. Huvipokea kama mlango wa kuingilia katika ushairi. Bila mlango huo maneno yake, hata yakiwa ya hekima, hubaki maneno tu. Kikuku kilikuwa mlango wa namna hiyo. Kilitangaza kwamba chombo hiki si cha kuchotea maji jikoni, na kwamba linalosemwa juu yake lasemwa kwa cheo.

Jambo hili lilidhihirika kwa njia ya ajabu katika kazi ya Rafael Larco Hoyle. Bwana huyu, mtoto wa wenye shamba kubwa la miwa katika bonde la Chicama, alianzisha makumbusho huko Chiclín mwaka 1926. Baadaye yakahamishiwa Lima, na leo yana makumi ya maelfu ya vyombo vya kale. Mwaka 1948 alitoa mpango wa kugawanya vyombo vya Wamoche katika nyakati tano, moja hata tano. Alama yake kubwa ya kutofautisha wakati na wakati haikuwa uso, wala nguo, wala kisa kilichochorwa. Ilikuwa mdomo: urefu wake, unene wake, ukingo wake, mpindo wa kikuku chake. Mpango huo ulitumika kwa miaka mingi, hata mwaka 1994 Luis Jaime Castillo na Christopher Donnan walipoonyesha kwamba haulingani na mabonde ya kaskazini, na kwamba yatupasa kusema juu ya Wamoche wa kaskazini na Wamoche wa kusini. Walakini funzo lake moja halijafutika. Sehemu ya chombo ambayo mtazamaji huiruka kwa haraka ya kuufikia uso, ndiyo iliyohifadhi mwendo wa miaka.

Ajabu ni kwamba Larco huyo huyo alipozisoma sura, alizisoma kama kioo. Katika kitabu chake Los Mochicas, kilichoanza kutolewa mwaka 1938, vyombo ni hazina ya maisha ya kila siku: hivi ndivyo walivyovaa, hivi ndivyo walivyojenga, haya ndiyo magonjwa yao, hii ndiyo silaha yao. Usomaji huo una haki yake. Daktari aweza kuutambua ugonjwa katika pua iliyoliwa, na mtaalamu wa mimea aweza kulitambua boga. Lakini kioo hakichagui, na vyombo hivi vinachagua. Uhai wa Wamoche ulitoka katika mifereji. Mbona ni nadra mno kumwona mtu akichimba, akipalilia au akivuna? Hindi lipo, lakini gunzi lake hutokeza kichwa chenye meno marefu ya mnyama mkali kati ya punje. Kiazi kipo, lakini kina uso wa mtu. Uwindaji upo, na aghalabu ni wa kulungu. Lakini wawindaji wamevaa mavazi ya fahari kama waendao vitani, na mifupa ya kulungu ni michache katika majaa ya makazi yao. Waliwinda kwa sababu nyingine kuliko njaa. Sanaa inayonyamaza juu ya kazi iliyowalisha watu wote, ikasema kwa kirefu juu ya mambo machache yale yale, si kioo. Ni maneno yaliyopimwa.

Donnan ndiye aliyelitilia nguvu wazo hili zaidi ya wengine, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya sanaa na picha za Wamoche. Alikusanya maelfu ya picha za vyombo vilivyotawanyika duniani, akaonyesha kwamba wingi wake wa ajabu warudi kwenye visa vichache: vita na mateka, mbio za watu wanaobeba vifuko, mazishi, uwindaji, na sherehe moja kubwa ambayo ndani yake mateka hukatwa koo na kikombe kirefu hupokezwa kwa mtu mwenye utukufu. Chombo kimoja huweza kuchukua kisa kizima, kikizunguka tumboni kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu; kingine huchukua mtu mmoja tu wa kisa hicho, au hata kikombe peke yake. Aliyekijua kisa aliona sehemu akakumbuka yote. Mwaka 1987 Anne Marie Hocquenghem naye alizisoma picha hizo kama mfululizo wa ibada za mwaka, akakataa kwamba ni habari za maisha ya kawaida.

Kiswahili hutumia neno moja, sura, kwa uso wa mtu na kwa fungu la kitabu. Neno hilo latufaa hapa kupita tafsiri ndefu. Kila sura ya Kimoche ni sura ya masimulizi yaliyotangulia kujulikana. Mwenye kuistaajabia peke yake ni kama msomaji aliyeokota ukurasa mmoja njiani, akausifu kwa uzuri wa mwandiko wake.

Palizuka kisha jambo ambalo wahakiki wa sanaa hulipata mara chache: ardhi yenyewe ilitoa ushahidi. Mwaka 1987 wezi wa makaburi walivunja jengo la kale huko Sipán, katika jimbo la Lambayeque. Polisi walimwita Walter Alva, mchimbuzi wa mambo ya kale, naye akafikia kaburi ambalo wezi hawakuligusa. Ndani yake alilala mwanamume aliyevikwa pambo la kichwa mfano wa mwezi mwandamo, pambo la pua, njuga, na fimbo ya cheo; vitu vile vile avivaavyo mtu mkuu katika sherehe ya kikombe. Kaburi jingine la hapo lilikuwa la mtu mwenye pambo la ndege, kama mwenzake wa pili katika picha. Mwaka 1991 Donnan na Castillo walichimbua huko San José de Moro, katika bonde la Jequetepeque, kaburi la mwanamke aliyezikwa na mapambo ya kuhani wa kike wa sherehe ile ile, pamoja na kikombe kirefu. Na mwaka 1992 kaburi jingine la namna hiyo likaonekana hapo hapo. Kisha mwaka 1995 Steve Bourget, akichimba katika Huaca de la Luna, alikuta mabaki ya wanaume zaidi ya 70 waliouawa. Baadhi yao walilala ndani ya tope lililoletwa na mvua kubwa za El Niño, na kati yao palikuwa na sanamu za udongo za mateka walio uchi, zilizovunjwa kwa makusudi. John Verano alipoichunguza mifupa aliona alama za visu katika pingili za shingo.

Basi picha zilikuwa kweli. Wengi walisema hivyo, na hapana shaka walikuwa na sababu. Lakini hapa ndipo mhakiki atakiwapo kusimama imara, maana hatari ya kioo hurudi kwa mlango wa nyuma. Kama jana tulidhani vyombo ni taarifa za maisha ya kila siku, leo twaweza kudhani ni taarifa za ibada, kana kwamba fundi alisimama pembeni mwa uwanja akinakili alichokiona. Angalieni picha yenyewe. Apokeaye kikombe hutoa miali mwilini. Amfuataye ana kichwa cha ndege, mabawa ya ndege, na miguu ya mtu. Marungu na ngao vina mikono na miguu, navyo hukamata watu. Kwenye ukuta wa Huaca de la Luna na juu ya vyombo kuna kisa kizima cha vitu vilivyowaasi wenyewe. Huko Sipán hakikuchimbuliwa kiumbe mwenye mabawa. Alichimbuliwa mtu. Kaburi latuambia nani alivaa pambo. Chombo chatuambia aliyelivaa alikuwa nani wakati alipolivaa. Hizo ni kauli mbili, na ya pili haithibitishwi wala haikanushwi kwa mifupa. Ni kauli ya imani iliyosemwa kwa sanaa, na kazi ya kuisoma hubaki kwa mhakiki hata baada ya mchimbuzi kumaliza kazi yake.

Nakuja sasa kwenye vyombo vinavyopendwa kupita vyote, vile vya umbo la kichwa cha mtu. Vingi vina urefu wa baina ya sentimita 15 na 30. Aghalabu vilifanywa kusini, katika mabonde ya Chicama, Moche, Virú na Santa. Donnan alichunguza zaidi ya 900 katika kitabu chake cha mwaka 2004, akaonyesha kwamba hizi si nyuso za watu kwa ujumla. Ni za watu fulani. Mmoja wao ana kovu mdomoni, na Donnan alimpa lakabu kwa kovu hilo. Sura yake ilifinyangwa mara zaidi ya 40, tangu alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi hata alipokuwa mtu mzima. Kovu halimtoki, na mashavu yake hukomaa chombo baada ya chombo. Katika sanaa yote ya mabara ya Amerika kabla ya kuja kwa Wahispania ni vigumu kutaja kitu kinachokaribia hili. Basi mtazamaji husema: hatimaye huyu hapa mtu, ndugu yetu, anatutazama kupita miaka 1,500.

Nami simlaumu anayesema hivyo. Namwomba tu aendelee kutazama. Jambo la kwanza: nyuso hizi ni za wanaume, katika mamia ya vichwa vilivyochunguzwa, wanawake watu wazima hawapewi heshima hii. La pili: vingi vilitoka katika kalibu, kwa hiyo uso mmoja ulitolewa mara kadhaa, kisha ukatiwa rangi na nakshi tofauti. Uso ulikuwa kama bahari ya ushairi iliyokwisha wekwa, na fundi alibadili maneno juu yake. La tatu ndilo zito. Donnan aliona kwamba baadhi ya watu wale wale waliofinyangwa kwa fahari, wenye vilemba na mapambo ya masikio, hurudi katika vyombo vingine wakiwa mateka, uchi, na kamba shingoni.

Kwa nini? Tuisome sanaa kwa sanaa. Katika picha za vita zilizochorwa juu ya vyombo, kushindwa huanza kichwani. Mshindi humpiga adui kwa rungu usoni, na damu humtoka puani. Kofia yake ya vita hudondoka. Mshindi humshika nywele. Baadaye humvua nguo na mapambo, huzifunga silaha zake juu ya rungu lake mwenyewe kama mzigo, humtia kamba shingoni na kumwongoza. Mateka huyo, na kamba hiyo, huonekana tena katika safu zilizochongwa na kupakwa rangi juu ya kuta za Huaca de la Luna na za Huaca Cao Viejo. Katika lugha hii, basi, kichwa kilichovikwa vizuri hakimaanishi tu kwamba huyu ni mtu mkubwa. Chaonyesha kila kitu ambacho mtu huyo angepokonywa siku ya kushindwa, na kwa mpango ule ule: pambo, nywele, masikio, shingo. Chombo cha kichwa hukomea shingoni, mahali ambapo kamba hufungwa na kisu hupita.

Nathubutu kwenda hatua moja mbele, na msomaji aipime kama maoni ya mhakiki. Kichwa hiki ni chupa. Kina tundu ndani na mdomo juu, na kilifanywa kichukue kinywaji. Vingi kati ya vyombo vya Wamoche vina alama za kutumika kabla ya kuwekwa kaburini. Aliyekinyanyua alikishika kichwa cha mtu mashuhuri kwa kikuku kilichoota utosini, kama mshindi ashikavyo nywele, akakiinamisha, kikamwaga kilichomo. Katika sherehe iliyokuwa kilele cha picha zao, kilichopitishwa mkono kwa mkono kilikuwa kikombe. Sisemi kwamba kila mwenye sura alikufa kwa kisu, wala kwamba kila chupa ilikuwa mfano wa kafara. Yamkini vingi vilitolewa kama zawadi za heshima baina ya wakubwa, na wanazuoni wangali wanabishana kama mateka walikuwa maadui wa mabonde mengine au wenyeji waliopambana kwa ibada. Nasema kwamba sanaa hii haikutenga heshima na hatari. Ilimtukuza mtu kwa kumfanya chombo, na chombo ni kitu cha kujazwa na kumwagwa.

Hapo huja swali ambalo wanafunzi huniuliza kila mwaka: je, uzuri wa sura hizi hauharibiki tukishajua habari ya damu? Kuna majibu mawili mepesi, na yote mawili nayakataa. La kwanza husema tusahau ibada, tutazame umbo peke yake. La pili husema watu hawa walikuwa wakatili, na sanaa yao ni pambo la ukatili wao. Jibu la kwanza lampokonya fundi akili yake. Lamfanya mpambaji asiyejua alichokipamba. La pili lasahau tope la Huaca de la Luna. Watu waliokusanyika pale mvua ilipokuwa ikiyeyusha kuta zao waliamini kwamba ulimwengu unaanguka, na walitoa walichokiona kuwa cha thamani. Kukieleza kitendo si kukihalalisha. Mhakiki asiyeweza kuyashika mambo mawili kwa pamoja, ukamilifu wa kazi na ukali wa jambo, hatakuwa na la kusema juu ya chombo hiki, wala juu ya tenzi nyingi za vita ambazo tunazisifu katika lugha mbalimbali bila kusita.

Haya yetu nayo huharibu usomaji. Mfano wake ni vyombo vinavyoonyesha matendo ya mume na mke. Larco aliviandikia kitabu cha peke yake mwaka 1965, na katika makumbusho yake vina ukumbi wao, mbali na vingine. Msomaji huvikuta kama jambo la pembeni, la kucheka au la kuona soni. Mwaka 2006 Bourget alivirudisha kwa wenzao. Alionyesha kwamba katika vyombo hivyo wamo pia mifupa iliyo hai na viumbe wa ulimwengu mwingine, na kwamba picha hizo zimeunganika na mazishi na kafara. Waweza kutokubali kila hoja yake. Lakini njia yake ni sahihi: aliondoa ukuta uliojengwa na soni ya wasomaji, si na wafinyanzi.

Ukuta mkubwa zaidi ulijengwa kwa sururu. Tangu siku za Wahispania makaburi ya pwani ile yamekuwa machimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 waliugeuza mto Moche uipige Huaca del Sol, ili maji yaubomoe udongo na kufichua dhahabu, na sehemu kubwa ya jengo ikaenda na maji. Waliofuata walitafuta vyombo vya kuuza. Kwa hiyo vyombo vingi vilivyo katika makumbusho ya dunia havina kaburi. Hatuambiwi vililala karibu na nani, mkononi mwa nani, pamoja na vingapi. Kaburi la Sipán lilitufundisha kwa siku chache mambo ambayo maelfu ya vyombo vya makabatini hayakuweza kutufundisha kwa miaka mia, kwa sababu pale kila kitu kilikuwa bado mahali pake. Mnunuzi apendaye uso wa udongo hata akaununua kwa mwizi hulipa ili fungu jingine la kitabu lichanwe.

Hata michoro ya wanazuoni ina hasara yake ndogo, pamoja na faida yake kubwa. Donna McClelland alitumia miaka mingi kuzichora picha za matumbo ya vyombo juu ya karatasi bapa, na bila kazi yake tungekuwa gizani. Lakini juu ya karatasi kisa chote huonekana kwa mara moja. Juu ya chombo hakionekani hivyo. Mkono hugeuza, mkimbiaji huja, hupotea upande wa pili, mwingine hutokea; mwisho hukutana na mwanzo bila mpaka. Asomaye karatasi ana haraka ambayo chombo hakimruhusu.

Kwa wanafunzi watakaochagua kuandika juu ya sanaa ya watu wasioacha maandishi, iwe ya Wamoche au ya wengine, naweka maswali ambayo yatangulie sifa zote. Chombo hiki kilishikwaje? Kilichukua nini ndani yake? Sheria gani za umbo alizipokea fundi, na wapi alizigeuza? Jambo gani kubwa la maisha yao halimo? Mtu huyu aliyeko hapa yuko katika chombo gani kingine, na ana hali gani huko? Mwenye kuyajibu haya ataurudia ule uso wenye kovu akiwa na mengi zaidi ya mshangao. Atamjua mtoto wa miaka kumi aliyetiwa katika kalibu, na atajua pia kwamba waliomfinyanga walikuwa wamekwisha mwekea mdomo utosini, tayari kwa kumiminia.